Tuliambiwa Tuingie Kulia

Mazishi ya Mwalimu Gichuki yalifanyika kwao Kiganjo, asubuhi ya ukungu na manyunyu, na sisi tuliowahi kucheza chini yake tulijikuta tumekaa mstari mmoja nyuma ya hema bila mtu kutupanga, kama bado tunasubiri kuitwa stejini. Wengi wetu ni nyanya sasa. Viti vya plastiki vilikuwa vinazama matopeni, na kila baada ya muda mmoja wetu aliinama upande na jirani yake akamshika mkono. Emsii alikuwa kijana mwenye koti la kung'aa, hakumjua marehemu hata kidogo, lakini alikuwa amesimuliwa kile kisa kama vile kila mtu wa huku alivyosimuliwa, na akakitoa kwa bashasha zote. "Marehemu amewaambia wasichana, muingie kuria. Upande wa kuria! Sasa kuna mmoja ametoka huko Chaka, Kiswahiri wamekutana nayo tu njiani, ati yeye akaingia akiria! Machozi na kamasi! Na wengine wote wakamfuata!" Hema likaangua kicheko. Nami nilicheka. Kisa hicho nimekisimulia mwenyewe miaka nenda miaka rudi, kwenye semina, redioni, mbele ya wanafunzi wangu, kila ninapoulizwa ilikuwaje msichana wa kucheza safu ya pili akageuka kuwa mtu wa kuwatungia wengine ngoma za jukwaani. Huwa najibu kwamba ni kwa sababu ya neno moja ambalo mwenzangu hakulielewa.

Huyo mwenzangu alikuwa amekaa karibu nami, bega kwa bega. Nyambura ana hoteli ya nyama choma pale Chaka siku hizi, amenenepa vizuri, na alikuwa anacheka kuliko sisi sote, mpaka akajifuta macho kwa pindo la leso. Kisha akaniambia, bila kunitazama, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi, "Lakini Zena, wewe si unajua nilielewa?"

"Ulielewa nini?"

"Vile Mwarimu alisema. Alisema upande. Kwani mimi ni mjinga?"

Nilishtuka kama mtu aliyevutiwa kiti akiwa anakaa. Nikamgeukia nimwulize anasema nini, lakini mchungaji alikuwa amesimama na Nyambura akaweka kidole mdomoni. Sisi Waislamu wa Nyeri tumehudhuria maombi mengi ya majirani zetu na tunajua urefu wake. Basi niliinamisha kichwa na wengine, na muda wote ule ambao mchungaji alikuwa anamkabidhi Mwalimu kwa Mungu, mimi nilikuwa narudi nyuma, mwaka ule, nikiukagua chumba kwa chumba.

Ya kwetu Majengo nitayaruka, hayana la ajabu. Nianze na chumba. Kilikuwa cha mbao na mabati, nyuma ya soko la Nyeri, katika ua wa mama mmoja aliyeitwa Mama Kahiga, na tulikipanga mimi na Nyambura kwa sababu sote wawili tulikuwa tumejiunga na kundi la Mwalimu Gichuki na kundi lilifanya mazoezi ukumbi wa pili kutoka pale. Vitanda viwili, jiko la makaa mlangoni, ndoo, kioo chenye ufa ambacho kilinifanya nionekane na pua mbili. Baridi ya Nyeri mnaijua. Asubuhi ya mwezi wa saba tulikuwa tunavaa nguo chini ya blanketi. Mama Kahiga alitupikia githeri ya maharagwe mengi na mahindi machache, kinyume cha wapishi wengine, na Jumapili mukimo wenye majani ya maboga, na alikuwa na desturi ya kusimama mlangoni na mwiko mkononi kuhakikisha tumemaliza, kwa sababu alisema wachezaji wembamba wanamwaibisha mwenye nyumba. Ukuta kati yetu na jiko lake ulikuwa wa ubao mmoja tu. Kila neno lililosemwa jikoni kwake lilitufikia likiwa zima.

Mwalimu Gichuki alikuwa ameacha chaki akaingia michezo ya kuigiza yenye nyimbo na ngoma, tukiizungusha shuleni. Alivaa viatu vyeusi vilivyong'arishwa hata siku ya matope, alibeba kijiti cha mkomamanga cha kupigia mdundo mezani, na alikipenda Kiswahili kwa mapenzi ya mtu anayempenda asiyempenda. Watu wa milima hii ulimi wao hauna urafiki na "l", wanaweka "r" mahali pake. Mwalimu alilijua hilo na lilimuudhi, basi akaamua kuweka "l" kila mahali asije akakosea. "Habali za asubuhi, wachezaji! Nyoosheni mstali!" Mimi niliyezaliwa nikisikia Kiswahili ndani ya nyumba nilikuwa nauma midomo nisicheke. Na sheria yake kuu, aliyotuimbia kila siku, ilikuwa hii: mfuate wa mbele. Wa mbele akikosea, koseeni pamoja naye, tutasahihishana nyuma ya pazia. Mtazamaji asijue kamwe nani alipotea.

Wa mbele alikuwa Nyambura. Alikuwa na mwili ambao ukiambiwa neno na ngoma unatii kabla yeye hajatii. Kiswahili chake sasa, hapo ndipo tulipokuwa tunavunjika mbavu. Ere zake zote siwezi kuziandika hapa, msomaji atachoka. Siku moja kabla ya onyesho Mwalimu alimwambia, "Nyambula, panga viti," Nyambura akatoka, akarudi na panga la mlinzi. Akasimama katikati ya ukumbi, panga begani, akauliza kwa adabu, "Tukate zote ama zile za mbele tu?" Tulicheka mpaka mpiga ngoma akaenda nje kupumua. Baada ya hapo likawa jambo la kawaida kwamba ukimwambia Nyambura kitu, unakirudia kwa Kikuyu, na kama ni mimi, ninakirudia kwa madaha.

Goti langu liliharibika Mweiga. Tulikuwa tunacheza katika bwalo la shule, sakafu imepakwa nta wageni waione inang'aa, nikaruka, nikashuka vibaya, nikasikia kitu ndani ya goti kikilia kama kuni kavu. Daktari aliniambia maneno ambayo nilijifanya sikuyaelewa. Wiki zilizofuata nilifunga goti kwa bendeji, nikameza tembe, nikachechemea hadi mazoezini na kukaa kwenye benchi nikisema kesho litapona. Sikuwa na kitu kingine duniani ninachokijua. Shule nilikuwa nimeiacha kwa ajili ya ngoma, na kushona sikuweza, na kuuza dukani nilikuwa nimejaribu nikafukuzwa kwa sababu nilikuwa napima sukari huku nacheza. Basi mnaweza kufikiria hali yangu Alhamisi moja jioni, nimelala kitandani mguu juu ya mto, niliposikia sauti ya Mwalimu upande wa pili wa ubao, amekuja kunywa chai kwa Mama Kahiga.

"Yule wa Majengo," alisema. "Goti limekwisha. Kesho wakuu wa shule wanakuja kutuangalia. Wakipendezwa, tutazunguka mwaka mzima. Sitaweza kuzunguka na mtu wa kukaa benchi."

"Umemwambia?"

"Nitamwambia baada ya onyesho. Kesho ashike pazia."

"Maskini," Mama Kahiga akasema, na nikasikia mwiko ukikwangua sufuria. "Na vile amezoea hapa."

Nilibaki nimekodoa macho kwenye mabati. Nyambura alikuwa amekaa kitanda cha pili akichana nywele, na alikuwa amesikia kila kitu kama mimi. Alikuja akakaa miguuni pangu, akalishika lile goti kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto, mpaka Mwalimu akaaga na kwenda.

Asubuhi yake Mama Kahiga alikuja kumwita Nyambura nje. Kuna mtu amekuja kutoka Chaka. Nilichungulia dirishani, nikaona mwanamume wa makamo, gambuti zenye udongo mwekundu, kofia ameishika mkononi, gunia dogo la viazi liko chini kati yao. Walizungumza kidogo tu. Nyambura alikuwa amenipa mgongo. Yule mtu alipoondoka alivaa kofia yake polepole sana, na Nyambura akabaki amesimama pale uani, kisha akaliburuta gunia hadi ndani.

"Nani?"

"Ni mjomba. Ameniletea waru."

"Mbona hujamkaribisha chai?"

"Alikuwa na haraka."

Akachukua viazi kadhaa akaviosha, akaanza kuvimenya, siku ya onyesho, saa ambayo tulipaswa kuwa tunanyoosha misuli. Nikamwambia ataharibu mikono. Akasema ana njaa. Tulivichemsha, tukavila na chumvi, na nakumbuka nilimwambia ni vitamu, na yeye akaniambia, kula vyote.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa harusi. Katika sehemu ya pili wanawake wa upande wa binti wanaingia kumtoa nyumbani kwao, wanaimba, wanapiga vigelegele, mabega yanatikisika, furaha tupu. Siku zote waliingia kutoka kushoto. Ijumaa ile wenye ukumbi walikuwa wameweka kabati kubwa la vikombe vya michezo mbele ya mlango wa kushoto, na hapakuwa na mtu wa kulisogeza. Mwalimu aliingia chumba cha kubadilishia nguo jasho linamtoka, kijiti mkononi.

"Sikilizeni. Kushoto kumefungwa. Leo mtaingia kulia. Mmesikia? Kulia!"

Wasichana wakaitikia. Nyambura peke yake akainua mkono kama mtoto darasani.

"Mwarimu, unasema tuingie kuria?"

"Ndiyo, kulia!"

"Kuria kabisa?"

"Kulia kabisa!" Mwalimu akapiga kijiti ukutani. "Kiswahili gani hiki hamkijui? Kulia mpaka mwisho, na mtu asibadilishe mstali!"

Wenzangu wakatazamana wakificha vicheko. Mmoja akamnong'oneza Nyambura kwa Kikuyu, upande wa mkono wa kulia, na Nyambura akaitikia kwa kichwa. Mimi nilienda kushika kamba ya pazia kama nilivyoamriwa. Wakuu wa shule walikuwa wamejaa safu tatu za mbele, makoti mazito, mikoba mapajani, nyuso za watu wanaosahihisha mitihani.

Sasa nieleze nilichokiona, na nikieleze polepole, kwa sababu maisha yangu yote yametoka hapo. Ngoma zilianza. Nyambura akatokea kutoka kulia, mguu wa kwanza sawasawa, wa pili sawasawa, na mikono yake miwili ikapanda kichwani, namna wanawake wetu wanavyoiweka wakisikia msiba. Uso ulikuwa umelowa tayari. Akafungua mdomo kuimba wimbo wa harusi, na wimbo ukatoka na kilio ndani yake. Nilishtuka nusura niiachie kamba. Nikasema kimoyomoyo, Mungu wangu, huyu mtu ameelewa kulia! Wa pili nyuma yake alisita kidogo tu, macho yakamtoka, halafu ile sheria ikamshika. Mfuate wa mbele. Mikono kichwani, akaanza kulia. Na wa tatu. Na safu nzima. Vigelegele vilianza kama vigelegele na kuishia kama kwikwi. Mpiga ngoma alinitazama mimi, mimi nikamtazama yeye, na asijue la kufanya akaendelea na mdundo uleule wa furaha. Hapo ndipo nilipoona. Miaka yote nilikuwa nimecheza nikiona kisogo cha aliye mbele yangu, basi. Sikuwahi kukiona kitu kizima kutoka pembeni. Miguu yao ilikuwa harusini na mabega yao yalikuwa matangani. Miguu ilisema twende na mabega yalisema tusiende. Sikujua kwamba mwili wa mtu unaweza kusema mambo mawili kwa wakati mmoja, na nilisimama pale mdomo wazi, nimesahau goti, nimesahau kwamba nafukuzwa.

Pazia lilipofungwa hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu alikuwa ameegemea ukuta, kijiti kimemwanguka. Kisha mwalimu mkuu mmoja mama, mwenye kofia ya sufu, akavua miwani na kusema kwa sauti kwa mtu yeyote atakayesikia, "Hivyo ndivyo nililia siku yangu. Hakuna mtu aliwahi kuonyesha hivyo." Na makofi yakaja, na viti vikaburutwa, na wakuu wote wakataka mchezo uende kwao, Karatina, Othaya, Nanyuki, hadi upande wa Embu na Meru, lakini na kile kilio, tafadhali, kama tulivyokiona.

Mwalimu alikuwa na hasira na furaha kwa pamoja na hakujua aanze na ipi. Alipomtafuta Nyambura amwulize, hakumpata, na Jumamosi nilipoamka kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Mama Kahiga alisema ameenda nyumbani mara moja, mambo ya kwao. Siku zikapita na hakurudi. Mwalimu akajaribu kuturudishia kile kilio kwa wale waliobaki, na kikatoka kichekesho. Walikunja nyuso, wakakohoa, mmoja akajifinya paja. Wakacheka. Siku ya nne Mwalimu alitupa kijiti na kusema anaenda Chaka mwenyewe kumleta huyo msichana kwa sikio. Aliondoka akibwata. Alirudi jioni. Nakumbuka viatu vyake, vile viatu, vilikuwa vimejaa udongo mwekundu hadi kwenye kamba na hakuvifuta. Mama Kahiga alimpa githeri akaila yote bila kusema habali wala nini. Alisema tu, "Yule atakuja. Akija, mstali wa mbele ni wake, na mtu asimwulize." Tuliona ajabu. Tukasema labda baba yake Nyambura amemtisha na fimbo.

Kesho yake mazoezi yalikuwa mabaya kama jana. Nilikuwa kwenye benchi langu, nikisubiri bado kuambiwa nirudi kwetu, na wasichana wakapita mbele yangu wakilia kwa miguu, kwa mabega, kwa nywele, kwa kila kitu. Sikuweza kuvumilia. Nilijisikia nimepaza sauti, "Sivyo!" Wote wakageuka. "Miguu isilie! Miguu iko harusini! Acheni magoti yafurahi!" Nikasimama nikichechemea, nikaenda kumshika mmoja mabega, mwingine nikamwinua kidevu, nikawaambia mikono ipande kichwani kwenye pigo hili na si lile, kwa sababu nilikuwa nimeliona, lilikuwa bado mbele ya macho yangu lote, kila mmoja na mahali pake. Walipopita tena, mpiga ngoma alimtaja Mungu kwa Kikuyu, "ngai", kwa sauti ya chini. Nikageuka kumtafuta Mwalimu, nikijua sasa nitafukuzwa kwa utundu. Alikuwa amekaa kwenye benchi langu. Akaniletea kijiti chake, akanikabidhi mkononi, akaenda kukaa tena. Hatukuwa na jina la kazi ile. Wasichana waliniita mwalimu wa miguu, kwa kunichokoza, mimi mwenye mguu mmoja mzima, na jina likanishika.

Nyambura aliporudi alikuwa amekonda. Nilifurahi sana kumwona hata sikumwuliza chochote, na Mwalimu alikuwa ameshakataza. Nikamweka mbele. Nikamfundisha kilio chake mwenyewe. Nilimwambia inua mikono hapa, vunja sauti hapa, na alinisikiliza kama mtu anayejifunza jambo geni, akauliza hata maswali. Tulizunguka mwaka mzima, mchana shule hii, alasiri shule ile, nguo zetu ndani ya magunia, chai ya maziwa mengi katika vyumba vya walimu, nduma za Karatina, wali wa Embu. Na kila siku nyuma ya pazia nilimshika mabega nikamwambia, "Lia, Nyambura. Usijizuie. Lia toka tumboni." Siku nyingine akitoka nilimwambia, leo hukulia vya kutosha, kesho uongeze. Na kesho akaongeza. Hakushindwa hata siku moja. Nilikuwa nawaambia watu kwamba ana kipaji cha machozi. Nilijivuna kwamba mimi ndiye ninayejua kuyafungulia.

Mchungaji akasema amina. Tukasimama kwenda kumwona Mwalimu kwa mara ya mwisho, na kwenye foleni nikamshika Nyambura mkono nikamwambia, sasa sema.

"Yule mjomba," akasema. "Alikuja kuniambia mama amefariki."

Nilisimama. Aliyekuwa nyuma yangu akanigonga mgongoni.

"Usiku huo, Zena. Akaniambia twende saa hii. Nikamwambia nitakuja kesho."

"Asubuhi ile? Ya viazi?"

"Zile waru mama alikuwa amezichimba. Ndizo za mwisho."

Jamani. Nilikuwa nimevila vile viazi na chumvi na kusema ni vitamu. Maneno yote niliyoyajua, mimi na Kiswahili changu cha nyumbani, yalinikimbia. Nikauliza swali la kijinga, kwa nini hukutuambia.

"Ningesema, mngenirudisha nyumbani. Ngoma iishe. Na wewe ulikuwa unafukuzwa siku hiyo hiyo, wote wawili tuende?" Alikuwa anaongea bila haraka, kama anayehesabu sahani za wageni. "Na baba alikuwa amemtuma mjomba anikataze. Ukilia, ndugu zako wadogo watalia, nani atawanyamazisha. Hata siku ya kuzika mimi nilikuwa kwa moshi, napikia watu. Basi Mwarimu akaingia na ile kijiti, akasema kuria. Nikaona, ehe. Nikamwuliza mara mbili. Wewe ulisikia. Akasema kuria kabisa."

"Na yeye alijua?"

"Si alikuja Chaka kunichapa? Akapata watu wamesimama kwa kaburi. Akachukua jembe kutoka kwa mkono wa mjomba, akafunika mama akiwa na viatu zake hizo. Aliniambia tu, ukitaka kurudi, nafasi iko."

Mpaka akafa, Mwalimu aliniacha nisimulie kile kisa cha msichana asiyejua Kiswahili, mara ngapi alikuwa amekaa pale pale ananisikiliza, akitabasamu na kutazama viatu vyake.

"Nyambura," nikasema, "mwaka mzima nilikuwa nakuambia ulie."

"Eeh."

"Kila siku! Nakuambia ongeza!"

"Si ndio nasema." Sasa alinigeukia, na uso ule mnene wa mwenye hoteli ulikuwa ule wa chumbani kwetu nyuma ya soko. "Watu wote waliniambia ninyamaze. Wewe peke yako ndiye uliniambia lia, tena ukanishika mabega. Kila Jumamosi nilikuwa naenda kwa wale watoto nikiwa sina machozi, nawaosha, nawachekesha. Ningekosa hiyo mwaka, sijui ningekuwa wapi."

Foleni ilisogea, na tukasogea nayo. Kitu kimoja tu kilinijia kichwani, na ni kitu cha upuuzi, lakini nilikiuliza.

"Na ile panga?"

"Panga gani?"

"Ya viti."

Akaanza kutikisika, bega lake kwenye langu. "Hiyo nilikuwa nawacheka nyinyi," akasema. "Wewe hasa. Ulikuwa unajiskia sana."

Tulikuwa tumefika karibu na jeneza. Niliona kijiti chake cha mkomamanga wamekiweka juu ya kitambaa, karibu na mikono. Yule emsii wa koti la kung'aa alikuwa amesimama pale akiongoza watu na kipaza sauti, akitaka tufanye haraka kabla mvua haijarudi. "Raini moja, wazazi wangu. Raini moja. Mkishaona, mtoke kuria. Tafadhari, kuria."

Nyambura aligeuza kichwa kidogo. "Umesikia ametuambia nini?"

"Nimesikia."

Akanitangulia. Mguu wa kwanza sawasawa, wa pili sawasawa, na mikono yake ikapanda kichwani. Nami nilikuwa nyuma yake, nikapandisha yangu.